Kamba za Kanazawa

Treni ya Shinkansen kutoka Tokyo hupita mahandaki mengi kabla ya kuibukia upande wa Bahari ya Japani, na huko ndiko nilikoiona theluji kwa mara ya kwanza, ikiwa bado imelala juu ya mashamba ya mpunga ingawa ni Machi. Nilikuwa nakwenda Kanazawa kutazama bustani ya Kenrokuen, iliyo wazi kwa watu wote tangu 1874.

Theluji ya huku ni nzito. Upepo wa baridi kutoka Siberia huvuka bahari iliyo na joto kuuzidi, huzoa mvuke, na ukikutana na milima humwaga theluji iliyolowa maji. Mti uliopukutika hauna pa kuipokelea. Misonobari, kamelia na vichaka vyote visivyoacha majani huibeba hadi vipinde au vipasuke. Kwa hiyo kila Novemba 1 watunza bustani huanza kusimamisha nguzo na kushusha kamba za mabua ya mpunga kutoka kileleni hadi kwenye matawi. Msonobari wa Karasaki, uliotokana na mbegu za kando ya Ziwa Biwa, hufungwa kamba zipatazo 800. Niliukuta umesimama kama hema lisilo na turubai, watu wakiupiga picha. Mimi nilivutwa zaidi na azelea za chini, ambazo hakuna aliyezitazama: matawi yamekusanywa na kubanwa kwa juu, theluji isipate upenyo wa kukitawanya kichaka.

Alasiri mwenyeji wangu alinipeleka kwa jirani, mzee aliyekuwa akitengeneza ua ambao miti yake haikufungwa kamba, ukaelemewa na theluji ya siku chache nyuma. Iliyosalia aliiondoa kwa kuinua tawi taratibu kutoka chini. Tawi lililoganda ukilikung'uta linakatika. Mti mfupi wa ichii, yaani yew ya Kijapani, ulikuwa umelala ubavu. Aliuvisha utepe mpana wa kitambaa, akaufunga kwenye kigingi na kuuvuta kidogo tu. Mkazo ungeongezwa wiki baada ya wiki. Kamelia iliyopasuka kwenye panda, jeraha likiwa bado bichi, aliiunganisha na kuikaza kwa kamba.

Tawi lililovunjika kabisa alilikata kwa msumeno, nje kidogo ya uvimbe linapoungana na shina, bila kupaka rangi, kwani mti huliziba jeraha wenyewe. Kwenye saiprasi alikuwa mwangalifu mno: ukilikata tawi lake hadi pasipo na majani, halichipui tena, wakati ichii huchipua hata kwenye shina kuukuu.

"Mzee, na matawi haya yaliyonyauka?" nilimuuliza kupitia kwa mwenyeji. Alikwaruza gome la moja kwa ukucha. Chini palikuwa kijani. La pili lilikuwa la kahawia na limekauka, akalikata. Yaliyobaki alisema yasubiri hadi Mei, machipukizi yakishatoka.