MAMA YUKO KORIDONI: Mdogo wangu na vyuo vya kuigiza vya Marekani

Ile posti ya wiki iliyopita ya msanii wetu wa kike (jina kapuni kama kawaida) imeleta komenti nyingi kuliko nilivyotegemea, na moja imenikaa kichwani. Mama mmoja kaandika kwamba binti yake kamaliza kidato cha nne, matokeo si mabaya, lakini anataka kusomea kuigiza na hataki kusikia kitu kingine. Anauliza amruhusu au amkatalie. Majibu mliyompa mnayajua wenyewe. Nusu mmemwambia amzuie kabla mtoto hajaharibika, nusu mmemwambia amwache mtoto na kipaji chake.

Mi naona wote mmeruka kitu. Kuruhusu ni neno moja tu, unalisema usiku mkila, limeisha. Kazi inaanza asubuhi yake. Hiyo kazi nimeifuatilia kwa simu miezi saba sasa, kwa mama yangu mdogo anayeishi Houston kule Texas na binti yake wa miaka 17. Ruhusa ya kuandika wamenipa, ya kutaja majina hawajanipa, kwa hiyo tutaenda na mama mdogo na dogo.

Mama mdogo anafanya kazi kwenye nyumba ya kulelea wazee, shifti ya usiku. Anawageuza, anawaogesha, anawalisha. Alitaka dogo asome unesi, na si kwa ubaya, ndiyo kazi aliyoiona kwa macho yake inalipa. Dogo alipotangaza kuigiza, Wabongo wenzake wa kule wakawa wanamtia moyo kwa jina moja tu. Harusi, Lupita. Msiba, Lupita. Siku moja akanipigia kachoka kabisa: "Mwanangu, Lupita baba yake profesa, tena mwanasiasa. Mimi naogesha wazee. Waniambie mtoto wa muogesha wazee anapitia wapi."

Nikamwambia hata Lupita mwenyewe hakuokotwa barabarani. Alicheza Juliet jukwaani Nairobi akiwa na miaka 14, akasoma chuo Marekani, akarudi tena darasani kusomea kuigiza Yale, ndipo Oscar ikaja mwaka 2014. Yaani kuna shule mle katikati ambayo watu hawaitaji. Mama mdogo akanyamaza kidogo, halafu akauliza: "Hiyo shule wanaingiaje?"

Sasa wanaingiaje. Mi nilidhani unapeleka cheti na kipaji, basi. Kumbe chuo cha kuigiza kule kina milango miwili. Mmoja wa masomo ya kawaida, wanaangalia maksi zako na insha uliyoandika. Mwingine wa usaili, na unaweza kufaulu mmoja ukafungiwa mwingine. Kabla hata ya usaili wenyewe kuna video ya mchujo. Unajirekodi vipande viwili vya tamthilia, unaigiza peke yako, viwe tofauti, kimoja kizito labda na kingine cha kuchekesha. Na kila chuo kina masharti yake. Huyu anataka sekunde 60, yule 90. Huyu anataka uonekane kuanzia kiunoni, yule kichwa mpaka miguu. Mwingine anataka na Shakespeare juu yake.

Mama mdogo akanunua daftari la kaunta. Akachora mistari kwa rula: chuo, tarehe ya mwisho, ada ya fomu, vipande gani, urefu, majibu. Mtu ambaye hajawahi kusoma tamthilia tangu aachane na sekondari, akaenda maktaba ya mtaani kuazima zile tamthilia za dogo akazisoma nzima kwenye mapumziko ya saa tisa usiku, wazee wamelala. Nikamuuliza kwa nini asimwachie mwenyewe. Akasema dawa ya mgonjwa haanzi kuitoa kabla hajasoma kibandiko.

Vyuo vilikuwa kumi na moja. Ada ya fomu ukiweka na ada ya usaili si hela ya kitoto. Kuna msamaha wa ada ya fomu kwa familia zenye kipato kidogo, lakini mama mdogo aliona haya kuomba. Wiki mbili nzima kaona haya. Dogo akaongea na mwalimu wake wa ushauri shuleni, wakajaza, vyuo vinne vikasamehe. Hivyo saba vingine vilimtoa zaidi ya dola 600, kwa hela yetu kama milioni moja na nusu, na hapo mtoto bado hajatoka nje ya mlango wa nyumba yao.

Mazoezi nilishiriki na mimi. Saa mbili usiku kwao ni saa kumi na moja alfajiri kwetu, najifunika shuka nisiamshe watu, naangalia dogo kwenye simu. Mama mdogo ndiye mpiga picha. Mwanzo alishika simu mkononi, mkono ukawa unatetemeka, maana shifti za kunyanyua watu zinachosha mabega. Akaleta ubao wa kupigia pasi, juu yake mfuko wa mchele wa kilo kumi, simu ikaegemea hapo. Video zote zimechukuliwa na mchele.

Halafu kuna video moja ambayo vyuo vingine wanaomba, ya chochote. Unaweza kucheza ngoma, kupika, kuonyesha unavyofuga kuku, ili mradi wakujue wewe ni nani. Dogo akamwambia mama yake asikae kwenye rekodi hiyo, aende jikoni. Akaniacha mimi tu kwenye simu. Akakaa kwenye kiti, akamuigiza mama yake.

Aliigiza mama mdogo akiongea na watu wa bima kwa Kiingereza, ile sauti ndogo ya kuomba radhi, "yes please, yes ma'am, I wait". Hapo hapo simu nyingine inaingia kutoka Dar, mgongo unanyooka, sauti inapanda, Kiswahili kinatoka cha amri: nani kala hela ya msingi, mwambie fundi nikija nambomolea mwenyewe. Halafu anarudi kwa watu wa bima, mabega yanashuka tena. Dakika moja na nusu. Mimi nilicheka mpaka nikaamsha nyumba, halafu kicheko kikakata chenyewe, maana sikuwahi kujua kwamba yule mama anayetupigia simu na amri ana ile sauti nyingine.

Mama mdogo alikuwa kasimama mlangoni. Dogo akaganda. Kukawa kimya, mimi nikafikiri mtandao umekata. Mama mdogo akauliza, "Ndivyo ninavyoongea?" Dogo akasema ndiyo mama. Akauliza tena, "Na hao bima nawaongelesha hivyo?" Ndiyo. Akarudi jikoni. Tukasikia maji yanafunguliwa, yanafungwa. Akarudi na kitambaa mkononi, akasema: "Mkono wa kushoto nashika kichwa, si shavu. Rudia." Ikarudiwa, ndiyo iliyotumwa.

Vyuo vitano vikamwita. Kule mwishoni mwa Januari na Februari vyuo vingi vinakusanyika pamoja kwenye miji michache, New York, Chicago na Los Angeles, wanakodi vyumba hotelini, watoto wanahama kutoka mlango huu kwenda ule. Mama mdogo akachagua Chicago kwa sababu tiketi ilikuwa rahisi. Mtu wa Houston Chicago mwezi wa pili! Wameazima makoti kanisani.

Sasa sikilizeni hapa wazazi. Kule mzazi haingii kwenye chumba cha usaili. Anaishia koridoni. Mama mdogo anasema ile korido ilikuwa imejaa wazazi kama wodi ya wazazi, wote wanaangalia mlango. Kulikuwa na mama mmoja anatamka maneno ya kipande cha mwanae kimya kimya, midomo inacheza, na mtoto akitoka tu anaanza: umesahau ile, sauti hukupandisha, walikuuliza nini, walicheka? Mtoto kawa mwekundu. Baba mwingine alikuwa anamsimulia kila mtu majina ya vyuo alivyoomba mtoto wake, kwa mpangilio wa umaarufu.

Mama mdogo alibeba chapati kwenye karatasi ya foili. Sheria yake ilikuwa moja, mtoto akitoka asiulizwe. Usaili wa tatu dogo katoka analia. Wamemkatisha katikati ya kipande cha kwanza, mmoja wa wasaili alikuwa anaandika tu hata hakuinua uso. (Chuo sikitaji.) Mama mdogo hakumwambia "usijali watakuona", wala hakuwatukana. Akauliza: "Kingine saa ngapi?" Saa nane na nusu. "Basi tuna dakika arobaini. Kula."

Na yule mama wa midomo, msimcheke sana, ndiye aliyemnong'oneza mama mdogo kwamba kuna vyuo vinapokea watoto wa kujitokeza hapo hapo, bila kuitwa, kama nafasi ikibaki. Dogo akaandikisha jina kwenye kimoja ambacho hata kwenye daftari hakikuwepo. Kule ndani wakamwambia arudie kipande chake kama vile anamwambia mtu siri ambaye ameshaijua. Alikaa humo muda mrefu kuliko kwingine kote.

Hiyo korido imenifanya nifikirie sana, kwa sababu hapa kwetu mara nyingi haipo. Yule msanii wa posti ya wiki jana aliniambia kitu ambacho sikukiweka. Alipoanza akiwa na miaka 18, usaili wake wa kwanza aliitiwa gesti. Mama yake akaenda naye, na kanga yake na chupa ya chai, akakaa kwenye kiti cha plastiki nje ya mlango, akasema mlango ubaki wazi. Usaili ukaahirishwa hapo hapo. Baada ya hapo alimfuata kila lokesheni mwaka mzima, watu wakamtania wakamwita mama prodyuza. Binti mwenyewe alikuwa anaona aibu. Leo anasema wale wenzake watatu alioanza nao hawakuwa na mtu wa kukaa nje.

Mzee wangu naye namuelewa zaidi sasa. Mwaka 2012 alikuwepo Leaders siku ya kumuaga Kanumba, kavaa miwani myeusi tusimuone macho. Miaka mitatu baadaye namaliza kidato cha nne namwambia nataka Bagamoyo. Akasema wale watu nawapenda wakiwa kwenye TV. Ikaishia hapo, nikaenda kuuza duka la simu. Alichokuwa anakiogopa kilikuwepo kweli, hilo simbishii. Ila kutoka kwetu Mbagala mpaka Bagamoyo ni nauli ya basi tu, na hakwenda hata siku moja kuangalia pakoje. Chuo kipo tangu 1981, ndiyo hiyo TaSUBa ya leo, wanatoa cheti na diploma, mzazi anaweza kwenda akauliza ada, hosteli, nani anafundisha, usaili unafanyika chumba gani. Mama wa komenti, ukienda nenda na daftari. Na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam pia wanafundisha sanaa za maonyesho, kama binti atapita kidato cha sita.

Majibu ya dogo yalianza kuja Machi. Hapana, hapana, hapana, subiri kwenye orodha, hapana. Na ndiyo moja, kile chuo cha kujitokeza. Wanachukua watu 16 tu kwa mwaka. Mama mdogo aliruka jikoni, hilo nililiona kwa macho yangu kwenye simu.

Halafu ikaja barua ya hela. Ufadhili waliompa ni nusu, pengo linabaki dola 19,000 kwa mwaka, mara miaka minne, na sehemu kubwa ya huo mkopo anausaini mzazi kwa jina lake. Mama mdogo akasema hasaini. Kuna chuo cha serikali hapo hapo Houston kimempokea dogo kozi ya maonyesho isiyo na usaili, atalala nyumbani, deni dogo. Dogo akasema basi ungenikatalia tangu mwanzo. Siku tatu hawakuongea, na mimi kila upande ananipigia kunishtakia mwenzake. Niliwaambia ukweli ninavyoona: mama aliyekaa koridoni na makoti ya kuazima hajageuka adui kwa kukataa deni la kuzikwa nalo. Dogo kakasirika na mimi pia.

Siku ya nne dogo kaandika mwenyewe barua kwa chuo kuomba waongeze ufadhili, maana inaruhusiwa kukata rufaa. Mama mdogo kaambatanisha karatasi zake za mshahara, zile zile alizokuwa anaona haya kuzionyesha. Mwisho wa kuthibitisha nafasi ni tarehe 1 Mei. Mpaka naandika hapa chuo hakijajibu, wao wameanza kusalimiana, na kesho saa kumi na moja alfajiri nina kikao cha hesabu.