Mto na Mgodi wa Chumvi Katika Nchi ya Polandi

Mji wa Kraków, kusini ya nchi ya Polandi, umejengwa kando ya mto Vistula. Mgeni afikaye huko aweza kusafiri mtoni asubuhi, na alasiri ya siku iyo hiyo akashuka ndani ya mgodi wa chumvi wa Wieliczka. Mambo haya mawili yaonekana kuwa mbali mbali, lakini habari yake ni moja.

Asubuhi wageni hupanda chombo chini ya kilima cha Wawel, penye jumba la wafalme wa kale na kanisa kuu walimozikwa. Mto huu, wenye urefu wa kilometa 1,047, watoka milimani ukaingia katika bahari ya Baltiki. Kabla ya kuwako kwa gari la moshi, chumvi ya Wieliczka ilipakiwa mashuani ikateremshwa kwa mto huu mpaka miji ya kaskazini.

Toka Kraków hata Wieliczka ni mwendo mfupi kwa gari. Hapo wageni huteremka ngazi ya mbao yenye vidato zaidi ya 350, mpaka kina cha meta 64. Njia yao huendelea kushuka mpaka meta 135, ingawa mgodi wenyewe wafika meta 327. Kuta ni za chumvi ya rangi ya kijivu. Wengi huzigusa kwa kidole, wakaonja.

Katika kina cha meta 101 pana kanisa la Mtakatifu Kinga. Sakafu yake, madhabahu na sanamu zote zimechongwa kwa chumvi, hata taa zake zimepambwa kwa vipande vya chumvi ing'aayo kama kioo. Waliochonga hawakuwa mafundi wa kigeni, bali wachimbaji wenyewe.

Kazi yao ilikuwa ya hatari. Hewa iwakayo moto ilikusanyika darini, na watu walitambaa wakiwa wamevaa nguo zilizoloweshwa maji, wameshika mienge juu ya miti mirefu, ili waiteketeze kidogo kidogo kabla haijalipuka. Adui mwingine ni maji, maana huyeyusha chumvi. Mwaka 1992 maji mengi yaliingia kwa nguvu ndani ya mgodi, na mwaka 1996 uchimbaji wa chumvi ya biashara ukakomeshwa, baada ya kazi ya miaka zaidi ya 700.

Faida yake haikupotea bure. Mwaka 1364 Mfalme Kazimierz Mkuu alipoanzisha chuo kikuu cha Kraków, aliagiza walimu walipwe mishahara kutokana na mapato ya chumvi hiyo. Chuo hicho kingali kinafundisha hata leo.

Wahenga walisema, mtaka cha mvunguni sharti ainame. Lakini huko Wieliczka wachimbaji ndio walioinama, na waliosoma ni wengine. Jioni mgeni arudipo mjini na kupita mbele ya chuo hicho, afaa awakumbuke.