Bugali wa Muhogo na Ugonjwa wa Sukari
Mama mkubwa wangu ana ugonjwa wa sukari, ule wa aina ya pili. Majirani wakamwambia: acha muhogo kabisa. Akawajibu: «Basi nile mawe?» Kweli, wasomaji, bugali hauna utamu mdomoni, lakini wanga wake hugeuka sukari tumboni, tena upesi kuliko kiazi kitamu kilichochemshwa. Walakini muhogo peke yake hauleti ugonjwa huu. Unene, ukoo na kukaa bila kutembea vimo pia. Munganga alipunguza matonge, akaongeza sombe na maharagwe, akakataza soda (majirani hawakuitaja hata kidogo!). Mimi naogopa miguu yake. Imekufa ganzi, jiwe likimkata hasikii, na kidonda huchelewa kupona. Kila jioni mjukuu huikagua nyayo kwa nyayo, taa mkononi.