Breki ya Mkono

Land Rover ya mjomba wangu ina namba mbili. Ya kwanza ni ya Tanzania, ipo kwenye vibao vya mbele na nyuma kama gari lolote. Ya pili imechorwa kwa herufi ndogo kwenye kona ya chini ya kioo cha dereva, na kwa miaka yote hakuna aliyeishughulikia. Ni namba ya usajili ya Uingereza. Wenye magari wengi kule huichora kwenye vioo ili mwizi akibadilisha vibao, vioo vimsute.

Nasoma shahada ya uzamili ya uhandisi wa usafiri Dar es Salaam, na tasnifu yangu inahusu ukaguzi wa magari. Katika kusoma nilikutana na jambo ambalo kwetu ni kama hadithi. Uingereza, ambako ukaguzi wa lazima ulianza mwaka 1960, gari likishatimiza miaka mitatu hukaguliwa kila mwaka, na matokeo yake yamo kwenye tovuti ya serikali. Ukiwa na namba ya gari, hata kama si lako, unasoma lilifaulu lini, lilifeli lini, kwa sababu gani, na lilikuwa limetembea maili ngapi. Kumbukumbu zinarudi hadi 2005. Jina la mwenye gari halimo. Ni gari na maradhi yake tu.

Niliporudi Tunduru likizo ya Desemba nilikipiga picha kile kioo, nikaiingiza namba kwenye simu.

Kabla sijasema nilichokiona, niseme gari lenyewe. Ni ile Land Rover iliyotoka mwaka 1983, ambayo watu wa kwetu wanaiita wan-ten. Jina la Defender lilikuja 1990, na kiwanda cha Solihull kikafunga uzazi wake Januari 2016. Ya mjomba ni ya 1987, injini ya dizeli isiyo na tabo. Wasiowahi kufika Tunduru kabla ya lami hawawezi kuelewa gari hili lilikuwa nini. Kutoka Tunduru hadi Namtumbo ni karibu kilomita 190, na masika ilikuwa unaweza kulala njiani. Landrover ndizo zilizokuwa zinabeba abiria kwenda Songea, watu wamebanana nyuma kwenye mabenchi, magunia na kuku juu. Mjomba aliinunua yake mwaka 2013 kwa mtu wa Songea, akafanya njia hiyo mpaka lami ilipokamilika na mabasi yakaja. Basi na yeye akageukia barabara za vumbi za kusini, Nalasi na Lukumbule, karibu na mto Ruvuma.

Ada yangu ya sekondari ilitoka humo. Kwetu Wayao mjomba ndiye mwangalizi wa mbumba, yaani dada zake na watoto wao, na huyu hakuwahi kutukwepa.

Sasa maradhi. Bodi ya wan-ten ni ya aluminiamu, haishiki kutu kama bati la chuma, kwa hiyo ukiitazama kwa nje unaona gari zima. Chesisi yake lakini ni ya chuma, na Uingereza barabara humwagiwa chumvi wakati wa baridi ili barafu isishike. Chumvi inakaa ndani ya yale mabomba ya chesisi na kula taratibu, hasa boriti ya nyuma na mikono ya pembeni inayoshikilia bodi. Gari linaweza kung'aa juu na kuoza chini. Ugonjwa wa pili ni mafuta. Kuna utani unaojulikana dunia nzima kwamba Land Rover isiyovuja mafuta ujue yameisha, na mjomba huusema kana kwamba aliutunga yeye. Lakini mafuta hayo yana pa kwenda. Breki ya mkono ya gari hili haishiki magurudumu kama ya magari mengi. Ni dramu moja iliyokaa nyuma ya giaboksi ndogo, inashika propela ya nyuma. Sili iliyo mbele ya dramu hiyo ikichoka, mafuta yanaingia ndani, breki shuu zinalowa, na kuanzia siku hiyo unavuta mkono mpaka kifuani na gari linateleza tu.

Kwenye kumbukumbu za Uingereza nilizozisoma nimekaa barazani kwa bibi, breki hiyo ilimfelisha mwenye gari mwaka 2006, na tena 2008. Mara zote mbili lilirudishwa baada ya siku chache likafaulu. Kule breki ya mkono inatakiwa iwe na nguvu isiyopungua asilimia 16 ya uzito wa gari. Asilimia 16 si nyingi, lakini hata hiyo haikufika.

Kwetu tatizo hilo hilo lilipata dawa nyingine: binamu yangu. Gari likisimama mlimani yeye huruka kabla halijatulia, kabari mkononi, akaisukuma nyuma ya tairi. Ana miaka kumi na tisa. Kabari ni kipande cha mninga, kimelainika kwa kushikwa. Nimemwona akifanya hivyo mara mia na nikiri kwamba ni jambo zuri kulitazama, lile ruko, wepesi ule, na abiria hata hawageuki.

Mwezi Oktoba 2024 Arusha ilifanya tamasha la Land Rover, lengo likiwa kuvunja rekodi ya msafara wa magari 632 iliyowekwa Ujerumani mwaka 2018. Nilitazama video zake kwa fahari kama Mtanzania mwingine. Sikuona mahali walipoombwa kuvuta breki za mkono.

Mstari wa mwisho wa kumbukumbu ulikuwa wa mwaka 2009. Limefeli. Sababu: kutu iliyopita kiasi kwenye chesisi, karibu na mahali panaposhikilia mhimili wa nyuma. Kanuni yao inasema kutu ya namna hiyo ikiwa ndani ya sentimita 30 kutoka sehemu inayobeba mhimili, usukani au mkanda, gari halipiti. Miaka miwili ya nyuma mkaguzi alikuwa ameonya tu. Baada ya 2009 hakuna kitu. Hakuna kufaulu wala kurudi kujaribu tena. Kwenye kadi ya Tanzania gari limesajiliwa kwa mara ya kwanza 2010.

Nilikaa na simu ile siku mbili bila kusema. Lilikuwa karibu kupelekwa kwenye ukaguzi wa polisi, kwa sababu bila ripoti ile LATRA haitoi leseni ya kubeba abiria, na nyumbani ukaguzi huo ulikuwa umeshazungumzwa kama mtihani wa taifa. Mjomba alilipeleka Jumatatu. Mkaguzi alizunguka: taa, honi, waipa, tairi, pembetatu, mtungi wa kuzimia moto. Kisha akaingia mwenyewe, akalipeleka kwenye kimwinuko, akavuta breki ya mkono, akaachia mguu. Likarudi nyuma. Binamu akaruka na kabari. Mkaguzi akashuka akaandika.

Jioni mama mkubwa akaniambia, "Wewe si unasomea haya mambo? Nenda ukazungumze naye. Wasomi mnaelewana."

Nilikwenda, lakini kuuliza alichokiona. Nilimwamkia, akaitikia, akaniuliza kama ndiye mimi mpwa wa mzee. Alikuwa mtu mpole kuliko nilivyotazamia. "Mzee wako nampenda," alisema. "Gari lake nalo nalipenda. Lakini nikimpa pasi, wa kwanza kuzikwa ni yule kijana wa kabari." Nikamuuliza kuhusu chesisi. Akasema amepiga magoti akamulika tochi, ameona rangi nyeusi, haina shida.

Rangi nyeusi hupakwa chini ya gari kwa sababu mbili: kuzuia kutu, au kuificha. Mimi nilikuwa na karatasi ya pili mfukoni, yeye hakuwa nayo. Nilimshukuru nikaondoka. Haikuwa haki mgeni aijue habari ile kabla ya mwenye gari.

Nilimsomea mjomba usiku, baada ya chakula, nikitafsiri mstari kwa mstari. Alipofurahi ni kwenye maili tu. Mita ya gari inahesabu maili, na sisi tulikuwa tunabadilisha oili kila inapotembea elfu tano tukiziita kilomita, kumbe ni kilomita elfu nane. "Na injini haijafa!" alisema, akapiga goti. Nilipofika 2009 alinyamaza. Akaniomba nirudie. Kisha akasema, "Kwa hiyo wao walikataa kulipanda, wakatuuzia sisi tulipande."

Sikuwa na cha kujibu. Ninaweza kusema kwamba aliyeliuza pengine aliliuza kama spea, kwamba kati ya bandari na Songea kuna mikono mingi, kwamba kule kwao tangu Mei 2018 gari lililotimiza miaka arobaini na halijabadilishwa sana halilazimiki hata kukaguliwa, maana limekuwa kumbukumbu ya kwenda nayo maonyesho Jumapili. Hili la mjomba linatimiza arobaini mwaka 2027. Halitakuwa la maonyesho.

Asubuhi fundi alilala chini yake na nyundo. Juu ya mkono wa nyuma kushoto aligonga mara ya kwanza ikalia chuma. Mara ya tatu nyundo ikaingia. Chini ya rangi palikuwa na kiraka cha bati jembamba, na nyuma ya kiraka unga mwekundu ambao fundi aliukusanya kiganjani akamwonyesha mjomba bila kusema neno. Mjomba aliutazama kama mtu anayeonyeshwa mchele wenye mawe.

Sili na breki shuu zilikuja kwa basi kutoka Arusha, bei yake haikufika ya gunia la mpunga. Miaka yote hiyo ya kuruka na kabari, na dawa ilikuwa bei hiyo. Chesisi ilikuwa habari nyingine. Fundi alikata yote iliyooza, akachomelea chuma kizito, siku nne, na alipomaliza mjomba alimuuliza swali moja: ungempandisha mwanao? Fundi akasema kwa mizigo, ndiyo. Akafuta mikono. Hakusema zaidi.

Mjomba alifungua mabenchi mwenyewe, kwa spana, akayapanga ukutani kwa bibi ambako sasa tunayakalia. Mkaguzi alipolipima mara ya pili breki ilishika kwenye kile kimwinuko, akalipitisha la mizigo. Msimu huu limebeba korosho tu.

Nalasi hawajafurahi. Simu zinaingia, hasa usiku: mgonjwa, mjamzito, msiba. Wengi sasa wanakwenda kwa bodaboda, kwenye tope la Januari, watatu na mzigo. Mimi ninayesomea usalama wa barabarani siwezi kuapa kwamba wako salama kuliko walivyokuwa nyuma ya Land Rover iliyooza, na mjomba ameniuliza hilo mara mbili. Mara ya pili ilikuwa baada ya simu ya saa nane usiku. Alitoka, akaliwasha, akawaita watu wawili waende kumchukua mama mmoja ambaye uchungu ulikuwa umemshika. Mabenchi hakuyarudisha. Waliweka godoro.

Kabari bado imo, chini ya kiti cha mbele. Nilimwambia binamu aitupe. Akasema ya nini kuitupa, magari ni mengi.