Daka la Futi Mbili

Chumba changu hapa Magongo, Changamwe, ni futi kumi kwa kumi. Ukifungua mlango tu, macho yanatua kitandani: nguo chafu, sufuria, na mimi mwenyewe na bukta yangu naandika. Ndiyo maana mamangu, tangu nilipoacha chuo, akija alikuwa anasimama nje. "Sikai, mwanangu. Nilikuwa napita tu."

Nyumba za mawe za zamani, kule Mji wa Kale na Lamu, zilijua siri hii. Kabla ya kuingia ndani kuna daka, na baraza za mawe huku na huku. Mgeni anakaa, anapokewa kwa heshima, na ya ndani yanabaki ndani.

Basi nami nikajijengea langu. Nilinunua paleti moja kuukuu, zile mbao za kuwekea mizigo, nikaibomoa na kuipiga msasa. Likatoka benchi la futi mbili: chini pa viatu, juu pa kukalia. Ukutani nikapigilia ubao wenye misumari mitano, ya funguo, mwavuli na mkoba. Leso moja nikaitundika kwa kamba, ikaficha kitanda. Ya pili nikaishonea mto.

Jumamosi mama akapiga hodi. Akatazama, akavua ndara, akazisukuma chini ya benchi bila kuambiwa. Akakaa.

"Chuo utarudi?"

Miaka miwili hajawahi kuniuliza. Swali kama hilo mtu haulizi akiwa amesimama mlangoni.

Nikabandika chai, nikaanza kumwambia ukweli.