Bahari Tuliyoijua kwa Juu: Ziara ya Kisite na Wasini



Kila ndugu zetu warudipo kutoka Dubai, baada ya tende na manukato hutolewa simu, nasi huonyeshwa lile birika kubwa la samaki lililomo ndani ya Dubai Mall, lenye lita milioni 10 za maji, papa na taa wakipita juu ya vichwa vya watu. Majumba ya namna hiyo si mapya. La kwanza kufunguliwa kwa umma lilikuwa London, mwaka 1853, na tangu hapo watu wa bara na wa miji mikubwa wamekuwa wakilipa kiingilio ili waione bahari nyuma ya kioo. Hatuwalaumu. La ajabu ni sisi wa Kwale, tuliolelewa kwa upepo wa pwani. Pono twamjua akiwa ndani ya mchuzi wa nazi, na pweza twamjua akiwa juu ya makaa, lakini wengi wetu, hasa mama zetu na binti zetu, hatujapata kumwona hata mmoja wao akiwa hai kwao.

Kwa sababu hiyo, katika likizo ya Disemba, tuliandamana na kina mama pamoja na mabanati wa madrasa, tukatoka Msambweni baada ya Alfajiri. Tulipita mashamba ya miwa ya Ramisi, tukaiacha barabara ya Lunga Lunga pale Kanana, tukateremka hadi Shimoni. Kutoka hapo tulipanda mashua, kisiwa cha Wasini kikawa ubavuni mwetu, tukaelekea Kisite.

Kabla ya safari palikuwa na maneno. Wako waliouliza: yafaa mwanamke aingie baharini? Twasema wazi kama tulivyowajibu siku ile. Stara ni wajibu na haina mjadala, lakini kutojua kuogelea si stara. Mama aishiye hatua mia kutoka majini, ambaye mwanawe akichukuliwa na mkondo hana la kufanya ila kupiga mayowe, amekosa elimu ambayo ni haki yake. Basi mashua ilikodiwa kwa ajili yetu peke yetu. Mwenye kuwaongoza majini alikuwa mwanamke. Kila mmoja alivaa suruali, kanzu nzito na ushungi uliofungwa barabara, na juu yake jaketi la kuelea. Nahodha na sisi wanaume wachache tulikaa omo, tukazielekeza nyuso kwenye bahari kuu, na kwa muda mrefu habari zote tulizipata kwa masikio tu.

Na masikio yalitosha! Mama mmoja mtu mzima, ambaye hakutaka kupita daraja ya mwisho ya ngazi, aliinamisha uso majini akiwa na miwani, akauinua na kusema kwa sauti: "Kumbe wana rangi!" Miaka yote amekuwa akinunua pono mnadani, naye alidhani ule weusiweusi wa samaki aliyekwisha kufa ndio rangi yake. Banati mmoja alimwona kasa akila majani ya bahari kwa utulivu kama mbuzi, asishughulike na mtu. Ilipofika zamu yetu wanaume, kina mama wakiwa wamekwisha kukaa shetri na kujifunika, tuliingia nasi. Tuliwaona changu kwa makundi, na pono tuliwasikia kabla ya kuwaona, wakiguguna matumbawe kwa midomo yao migumu. Wayagugunayo huyasaga na kuyatoa yakiwa mchanga, na sehemu ya mchanga mweupe wa Diani imetokana na kazi hiyo.

Matumbawe yenyewe wengi huyadhani ni mawe. Ni viumbe hai, vidogo mno, vijijengeavyo nyumba za chokaa, na ndani ya miili yao huishi mwani usioonekana kwa jicho, unaowapa chakula na rangi. Maji yakizidi joto humtoa mwani huyo, wakageuka weupe, na hali ikidumu hufa. Ndivyo ilivyokuwa mwaka 1998 pwani yetu yote. Nasi tuna deni kwao la zamani: Msikiti wa Kongo pale Diani umejengwa kwa mawe ya matumbawe, na watu wamekuwa wakiswali ndani yake kwa karne nyingi.

Hatutaficha upande wa pili. Kisite, yenye kilomita za mraba 28, ilipofanywa hifadhi katika miaka ya 1970, wavuvi walikatazwa kutega humo kabisa. Katika Mpunguti, jirani yake, waliachiwa uvuvi wa kienyeji. Wazee wa Kivumba waliona wameporwa shamba la babu zao ili mgeni apate pa kutazama. Malalamiko hayo yana haki, na asiyeyataja hasemi kweli yote. Lakini samaki hawajui mipaka. Wakizaliana humo kwa amani hutoka nje, na mtego wa jirani hupata. Ilivyo ni kwamba hasara ilimfika mvuvi siku moja, na faida humjia polepole na kwa mafungu.

Adhuhuri tuliiswali Wasini, kisiwa kisicho na gari hata moja. Tukapita juu ya daraja la mbao la kikundi cha kina mama wa hapo, lipitalo kati ya mikoko na magofu ya matumbawe ya kale yaliyoachwa na bahari, marefu kuliko mtu. Kiingilio ni chao, na huwasaidia katika mahitaji ya kijiji. Mabanati wetu waliwauliza maswali mengi kuliko waliyotuuliza sisi mwaka mzima.

Mwenye nia na aende wakati wa kaskazi, baina ya Disemba na Machi, maji yakiwa maangavu, atoke asubuhi kabla upepo haujakaza, na achukue nguo kavu za kubadilisha. Ada ya hifadhi hulipwa kwa shirika la wanyamapori, na raia hutozwa kidogo kuliko mgeni. Yule mama wa kwenye ngazi ameshatuuliza tarehe ya safari ijayo. Asema safari hii ataziteremka daraja zote.