Mji Ulioachwa na Reli

Ukiwa stendi ya Manyoni ukamwambia mtu unakwenda Kilimatinde, swali la kwanza ni hili: "Una mgonjwa?" Watu wanaijua kwa ile hospitali ya misheni. Mimi sikuwa na mgonjwa. Nilikuwa na daftari, shilingi elfu kumi na tano, na riwaya iliyogoma kwenda mbele.

Ni mtoto wa Singida, nimemaliza kidato cha nne, nipo nipo tu. Kijiweni washikaji wanasema riwaya ni Dar bwana: Kariakoo, Manzese, mapenzi na polisi. "Huku kwetu utaandika nini, alizeti na kuku?" Rafiki yangu mmoja alishaniwekea godoro Mbagala, akanipa mpaka mwisho wa mwezi niamue. Kwa hiyo safari hii ya siku moja, ndugu msomaji, haikuwa ya kutalii. Nilitaka kujua kama mahali palipokaa kimya panaweza kubeba hadithi.

Kilimatinde imekaa juu, kwenye ukingo wa Bonde la Ufa. Ukisimama pale unaiona Ugogo imetandikwa chini kama mkeka, kuelekea Bahi. Misafara ya Bagamoyo na Tabora ilipita pande hizi. Burton na Speke walikatiza Ugogo mwaka 1857, Stanley 1871, na watemi wa Kigogo waliwatoza hongo kwanza. Enzi hizo hongo ilikuwa ushuru wa njia. Leo imekuwa nini, unajua mwenyewe. Mbele yao ulikuwepo Mgunda Mkali, pori la kiu ambalo wapagazi waliliogopa.

Wajerumani wakajenga boma hapa, wakatawala. Halafu ikaja reli. Ilifika Dodoma 1910, Tabora 1912, Kigoma 1914. Lakini haikupanda kumwamkia bwana mkubwa bomani. Ilipita Saranda, ikashika njia ya Manyoni. Mwaka 1916 Waingereza wakaiteka Kilimatinde, na baadaye ofisi za wilaya nazo zikaifuata reli.

Chini ya mti nilimkuta mzee mmoja.

"Shikamoo babu."

"Marahaba mjukuu wangu. Umekuja kuona mgonjwa?"

Nikamwambia nimekuja kuuona mji. Akacheka mpaka akakohoa. "Mji ulishateremka na reli. Sisi ndio tuliobaki."

Kisha akasema, taratibu, kwamba babu yake alibeba mawe ya boma kichwani. Nikamuuliza aliitwa nani. Akanitajia jina, nikaandika. Akataka nilisome. Nikasoma. Akataka nirudie. Nikarudia, naye akaitikia kwa kichwa, akanyamaza.

Burton aliandika kitabu. Stanley aliandika. Wapagazi wao na wabeba mawe wa boma hawakuandika, na wajukuu zao sasa wanatembelea mkongojo. Hilo ndilo lililonikaa rohoni njia nzima, nimepakiwa nyuma ya bodaboda, vumbi mpaka kwenye kope.

Wewe mwandishi mwenzangu wa Kondoa, wa Kasulu, wa Kilwa, kwenu nako yupo mzee wa namna hii. Umeshamuuliza babu yake aliitwa nani?

Yule wa Mbagala nimemwambia godoro ampe mwingine. Riwaya yangu sasa inaanza na mtu mwenye jiwe kichwani, anapanda mlima. Nipo ukurasa wa kumi na moja, na bado hajafika juu.